Je, Muziki ni Dawa ya Presha?

Hoja iliyo mbele ya baraza ni hii: "Muziki ni dawa ya presha." Mpiga udi wa taarabu anaitetea, muuguzi wa kliniki ya presha anaipinga. Dijei wa singeli, bibi mwenye presha na ustadhi wa madrasa watachangia kwa zamu. Wasemaji hawa ni wa kutungwa, ila tafiti wanazozitaja zimefanyika kweli. Mwenyekiti ni mwandishi wa makala haya.

MWENYEKITI: Karibuni nyote. Kabla sijampa nafasi mtetezi wa hoja, niwakumbushe jambo la tarehe. Mwaka 1905, hapa Unguja, kilianzishwa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa. Mwaka huohuo, Saint Petersburg nchini Urusi, daktari Nikolai Korotkoff alieleza namna ya kupima presha kwa kusikiliza. Unaufunga mkono kwa mkanda, unaujaza upepo mpaka damu isimame, kisha unaulegeza kidogo kidogo huku umetega sikio kwenye mshipa. Mdundo wa kwanza unaousikia ni namba ya juu. Pale sauti inapopotea ndiyo namba ya chini. Kwa hiyo wa udi na wa kliniki, wote mnaishi kwa sikio. Sharti langu ni moja: anayeleta dai alete na ushahidi. Mwalimu, fungua.

MPIGA UDI: Ahsante, mwenyekiti. Na hata kile chombo cha kusikilizia moyo kilibuniwa na mtu wa muziki. René Laennec, daktari wa Paris aliyekibuni mwaka 1816, alikuwa mpiga filimbi. Nalisema hili ili dada muuguzi asidhani udi umekuja kuvamia hospitali.

Ushahidi wangu unatoka Ujerumani. Mwaka 2016 daktari wa moyo Hans-Joachim Trappe, wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, alichapisha na mwenzake matokeo ya watu 120. Nusu walilala kimya. Nusu walisikilizishwa Mozart, kisha Strauss, kisha kundi la ABBA, kila muziki dakika 25. Kwa Mozart, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa milimita 4.7 za zebaki. Kwa Strauss, 3.7. Kwa ABBA haikushuka kwa kiasi cha maana. Mozart hana maneno ya kuimbwa katika kipande kile, hana kelele, hana mshtuko. Mwendo wake una mpangilio. Sasa njooni kwenye taarabu asilia. Tunaanza na bashrafu, ala tupu, bila haraka. Kanuni inatangulia, fidla zinafuata, udi unajibu. Mtu aliyeingia ukumbini na mawazo ya ada na kodi ya nyumba utamwona mabega yanashuka kabla mwimbaji hajasimama. Mwili ule umepata dawa.

MWENYEKITI: Dada muuguzi, mjibu.

MUUGUZI: Mwalimu, nakuheshimu, na namba zako sizikatai. Ila umeziacha nusu. Na wale waliolala kimya, bila Mozart wala Strauss, nao presha yao ilishuka, ingawa kwa kiasi kidogo. Maana yake sehemu ya dawa unayoitaja ilitoka kwenye godoro.

Niwaeleze ninavyopima. Mgonjwa akifika namkalisha kitini dakika tano. Mgongo uegemee, miguu yote miwili iguse chini bila kuipishanisha, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo. Awe amekwenda haja ndogo, na nusu saa iliyopita asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Halafu asiongee. Akianza kunisimulia habari za mkwe wake, namba inapanda hapohapo. Napima mara mbili, nikipisha dakika moja katikati. Kwa utulivu huo pekee, mtu aliyeingia mbio akiwa na 160 naweza kumkuta na 150, na hapakuwa na udi wala fidla.

Sasa mletee muziki mgonjwa mwenye 170 juu ya 100. Mpunguzie hizo 4.7 zako. Anabaki na zaidi ya 165, na sisi tunataka awe chini ya 140 juu ya 90. Tena amepunguza akiwa amelala anasikiliza. Akiamka akaenda sokoni, ni nani anayemchungia?

BIBI: Niruhusuni na mimi, maana nyote mnanizungumza mimi. Nina presha miaka mingi. Usiku nikilala na redio ikipiga nyimbo za zamani, usingizi unakuja na kichwa hakinigongi. Nikimeza kidonge sisikii chochote. Sasa mwanangu muuguzi, kinachonituliza ni kipi? Na kama ni redio, vidonge vya nini?

MUUGUZI: Bibi, shikamoo. Swali lako ndilo linalonikosesha raha kila kliniki. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Unaweza kuwa na 180 na kichwa kisikuume. Shirika la Afya Duniani, katika takwimu lilizozitoa mwaka 2021, lilihesabu watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye presha duniani, na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Wakati wewe husikii chochote, mishipa ya figo, ya macho na ya ubongo inaumia. Kidonge hakikupi raha kwa sababu hakikutengenezwa kukupa raha. Kazi yake ni kuishusha presha saa zote 24, ukiwa macho na ukiwa usingizini. Na kushuka kidogo kunakodumu kuna faida kubwa: uchambuzi wa majaribio ya dawa uliochapishwa mwaka 2021, wenye watu zaidi ya 344,000, ulionyesha kwamba kila milimita 5 za namba ya juu zinazopunguzwa na dawa hupunguza kwa takriban asilimia 10 matukio makubwa ya moyo na mishipa, kama kiharusi na mshtuko wa moyo. Tukubaliane na neno hilo: kunakodumu.

BIBI: Marahaba, mwanangu. Basi hiyo redio yangu nayo mmeitupa?

DIJEI: Bibi, haitupwi. Shikamoo kwanza. Mimi nina kesi yangu, maana naona wazee mmekaa mnasifu muziki wa kulaza watu kana kwamba muziki wa kuamsha una dhambi. Mwaka 2008, kule Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, daktari Michael Miller alichukua watu wakachagua wenyewe nyimbo zinazowafurahisha. Akapima mshipa wa mkono kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Walipokuwa wanasikiliza nyimbo zao za furaha, mshipa ulitanuka kwa asilimia 26. Walipopigiwa muziki uliowatia wasiwasi, ukasinyaa kwa asilimia 6. Mshipa ukitanuka, damu inapita kwa nafasi. Sasa kijana wangu wa Manzese furaha yake ni singeli. Mnataka nimpelekee Mozart?

MUUGUZI: Watu wangapi walikuwa kwenye utafiti huo, kaka?

DIJEI: Kumi.

MUUGUZI: Kumi, na wote wazima wa afya. Ni dalili nzuri ya kufuatwa, ila huwezi kumwandikia mtu cheti kwa watu kumi. Na singeli yako ni mapigo mangapi kwa dakika?

DIJEI: Mia mbili na kuendelea. Zikikolea, karibu mia tatu.

MUUGUZI: Basi shukuru Mungu kwamba moyo haufuati ngoma pigo kwa pigo. Ungekuwa unafuata, mashabiki wako wangebebwa kwa machela.

DIJEI: Nyinyi wenyewe mnatumia mapigo! Kozi ya huduma ya kwanza tulifundishwa: mtu moyo wake ukisimama, bonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, na ukitaka usipotee, imba kimoyomoyo wimbo wenye kasi hiyo.

MUUGUZI: Hilo kweli. Ila usiimbe wako, utamvunja mbavu zote.

MWENYEKITI: Tucheke, kisha turudi kwenye hoja. Ustadhi, umeinua mkono muda mrefu.

USTADHI: Mimi, mwenyekiti, kwa ala si mtetezi, na hilo kila mtu hapa mtaani analijua. Nauliza tu: mna hakika kwamba kinachotuliza moyo ni muziki? Nikikaa baada ya Alfajiri na tasbihi yangu, sina udi wala spika. Nina jina la Mola na pumzi. Neno linatoka na pumzi, kisha ninavuta nyingine, nalo linatoka tena. Mwisho wa tasbihi moyo umetua. Sasa kama mimi bila ala napata anachokipata mwalimu kwa ala, basi huenda mnasifu kitu kisicho chenyewe.

MUUGUZI: Ustadhi, umepiga penyewe. Dhikri sijui kama imepimwa namna hiyo, lakini jambo la jirani yake limepimwa. Mwaka 2001, kundi la Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, liliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka mantra za yoga. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hawa, kwa urefu wa maneno yale tu, walishuka hadi karibu mara sita. Na mara sita kwa dakika ina siri yake. Kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani kuna vihisi vinavyopima damu inavyosukuma. Presha ikipanda, vinapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo, kupitia neva ya vagasi, unauambia moyo upunguze mwendo. Mawimbi hayo ya kupanda na kushuka yana mzunguko wake wa takriban sekunde kumi, yaani mara sita kwa dakika. Pumzi ikienda kwa mzunguko huohuo, vihisi vinafanya kazi vizuri zaidi.

MPIGA UDI: Hapo dada ameanza kuitetea hoja yangu. Maana nani anamfundisha mtu kupumua kwa sekunde kumi kumi kama si wimbo? Huyohuyo Bernardi alirudi mwaka 2009 na nyimbo za Verdi zenye mafungu ya sekunde kama kumi. Presha na mtiririko wa damu vikaanza kupanda na kushuka pamoja na mafungu hayo, hata kwa wasikilizaji wasiojua muziki. Sauti ilipopandishwa kwa nguvu, mishipa ya ngozi ilibana, iliposhuka, ikaachia. Na kule Gothenburg, Sweden, mwaka 2013, vijana wa kwaya walipoimba wimbo wa taratibu wenye mafungu marefu, mioyo yao ilianza kwenda mbio na kupunguza mwendo kwa pamoja, kwa sababu walikuwa wanavuta pumzi pamoja. Katika taarabu, mwimbaji anamaliza ubeti, waitikiaji wanapokea, yeye anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Mtu aliyekaa kwenye kiti ukumbini naye anavuta, bila kuambiwa.

MUUGUZI: Kubali basi kwamba ni pumzi.

MPIGA UDI: Nakubali ni pumzi. Nawe kubali kwamba wimbo ndio unaoiongoza.

MUUGUZI: Nakubali, ukiongeza na kimya. Mwaka 2006 kundi hilohilo la Pavia liliwapima watu 24, nusu wanamuziki na nusu wasio wanamuziki. Waliwapigia raga ya Kihindi ya taratibu, Beethoven, Vivaldi, rap, tekno na muziki mwingine. Mwendo ulipokuwa wa kasi, presha, mapigo na pumzi vilipanda, hata kwa aliyeupenda muziki huo; lililoamua zaidi ni kasi kuliko mapenzi ya msikilizaji. Na kaka dijei, ukumbuke hili. Katikati ya nyimbo waliweka dakika mbili za kimya. Katika dakika hizo, presha na mapigo vilishuka hata chini ya pale vilipokuwa kabla muziki haujaanza.

MPIGA UDI: Wallahi hilo hata sisi tunalijua kwa vidole. Katika taksimu, mpiga udi akiwa peke yake, anapiga maneno matatu kisha anaacha. Mwanafunzi mgeni anaogopa ile nafasi, anaijaza nota. Mwalimu wake anamkamata mkono: wacha. Pale alipoacha ndipo ukumbi mzima unasema "Allah!"

USTADHI: Alhamdulillahi, mwisho wake mmekuja kukisifu kimya.

DIJEI: Sawa, nimeelewa kasi inapandisha. Lakini mbona mbio nazo zinapandisha, na daktari anasema kimbia? Mtu akicheza singeli au kidumbaki nusu saa, presha inapanda akiwa anacheza. Akizoea kucheza wiki hadi wiki, presha yake akiwa amekaa inashuka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nani kijijini ana pesa ya jimu? Ngoma ipo.

MUUGUZI: Hapo nakupa mkono, tena yote miwili. Kwa mtu mwenye presha, mazoezi ya kutoa jasho yanayofanywa mara kwa mara yanaweza kushusha namba ya juu kwa milimita 5 hadi 8, na kucheza ni mazoezi. Mwenye presha iliyopanda sana, au anayebanwa kifua, aje kwanza tumwone. Wengine wacheze.

BIBI: Wacheze, lakini spika waziangalie! Wiki ya harusi hapa nyuma ya nyumba yangu, mabati ya paa yanatetemeka mpaka saa nane za usiku. Mnazungumza muziki kama mtu anauchagua. Na mimi niliyeletewa muziki wa watu kitandani kwangu?

MWENYEKITI: Dijei, hilo ni lako.

DIJEI: Bibi, samahani. Lakini sherehe ni riziki yangu.

MUUGUZI: Bibi ana hoja kuliko sote. Mwili uliolala unasikia. Kelele inapokuja, adrenalini na kotisoli vinapanda, mishipa inabana, hata kama mtu hakuamka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya, ya mwaka 2018, inataka kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima na 45 usiku, na sababu mojawapo ni maradhi ya moyo. Ilizungumzia magari, lakini moyo hauulizi kama kelele imetoka kwenye lori au kwenye besi. Anayechagua wimbo anaburudika, na jirani yake anayelazimishwa wimbo huohuo anaweza kuugua kwa sababu hiyo.

MPIGA UDI: Ninayo karata moja ya mwisho. Mwaka 2013 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya majaribio na kuyapima uzito, ilichambua majaribio 26 yenye wagonjwa 1,369 wa mishipa ya moyo. Kusikiliza muziki kuliwapunguzia wasiwasi, hasa waliopata mshtuko wa moyo, na kulionekana kushusha namba ya juu ya presha, mapigo na kasi ya kupumua. Hawa ni wagonjwa, dada. Si wanafunzi wazima wa afya.

MUUGUZI: Nayo ni karata nzuri. Waliofanya uchambuzi huo walisema pia kwamba mengi ya majaribio hayo hayakuwa imara, maana mtu anayesikiliza muziki anajua anasikiliza, huwezi kumficha kama unavyomficha mwenye kidonge cha uongo. Lakini kwa wasiwasi nasimama nawe. Mgonjwa anayesubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, mpe wimbo anaoupenda. Hauna gharama na hauharibu figo.

BIBI: Basi mniambie la kufanya. Mimi si Mjerumani wala Mtaliana.

MUUGUZI: Bibi, la kwanza, kidonge saa ileile kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na samaki wa chumvi. Jioni washa redio yako, sauti ya chini, nyimbo za taratibu. Vuta pumzi wimbo unapopumzika, itoe polepole mwimbaji anapoimba. Baada ya robo saa zima redio, ukae kimya dakika mbili. Usizime kwa sababu ya umeme. Zima kwa sababu moyo unaidai ile nafasi. Na kila mwezi uje nikupime, tuandike kwenye daftari lako.

USTADHI: Na asiyetaka redio?

MUUGUZI: Atumie tasbihi, ustadhi. Pumzi ni ileile.

MWENYEKITI: Natoa hukumu. Hoja isemayo "muziki ni dawa ya presha" imeanguka. Dawa ni kile kinachoshika saa 24 na kinachozuia kiharusi, na hakuna aliyeleta hapa ushahidi kwamba wimbo unafanya hivyo. Lakini aliyeipinga naye hakuondoka na kila kitu, kwa sababu imethibitika kwamba muziki wa taratibu unapunguza kasi ya kupumua, na kasi hiyo ikipungua moyo na mishipa vinapata nafuu ya muda. Wa kasi unachangamsha, na faida yake iko kwenye miguu ya anayecheza. Kelele ya kulazimishwa ni madhara, na mwenye spika ana wajibu kwa mwenye kitanda. Kwa hiyo baraza limepitisha hoja iliyorekebishwa: "Muziki wa taratibu, kwa sauti ya chini, ukiwa na nafasi za kimya, unamsaidia mgonjwa wa presha anayemeza dawa yake."

Nawe msomaji, kama umefika umri wa utu uzima na mwaka huu hujapima presha, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii. Kaa dakika tano bila kuongea, pimwa mara mbili, uandikiwe namba zako. Wimbo utausikiliza ukirudi.